Ushindi saba, hundi moja: kisa cha msimu wa LPGA wa 2024

Tarehe 28 Januari 2024, mjini Bradenton katika jimbo la Florida, Nelly Korda wa Marekani alikuwa nyuma kwa mipigo mitatu na yamebaki mashimo mawili tu. Shimo la 17 akalimaliza kwa mipigo miwili chini ya kiwango, la 18 kwa mpigo mmoja chini, akamfikia Lydia Ko wa New Zealand na kumshinda kwenye shimo la pili la nyongeza. Akaondoka na dola 262,500.

Tarehe 24 Novemba mwaka huohuo, mjini Naples, kwenye pwani hiyohiyo ya Ghuba ya Meksiko, Jeeno Thitikul wa Thailand alikuwa nyuma kwa mipigo miwili na yamebaki mashimo mawili tu. Shimo la 17 akalimaliza kwa mipigo miwili chini ya kiwango, la 18 kwa mpigo mmoja chini, akampita Angel Yin. Akaondoka na dola 4,000,000.

Kwa asiyefuatilia gofu: kila shimo lina idadi ya mipigo ambayo mchezaji mzuri anatarajiwa kuitumia, na hicho ndicho ninachokiita kiwango. Kushuka mipigo miwili chini yake kwenye shimo moja ni jambo la nadra hata kwa hawa wanaolipwa. Kulifanya kwenye shimo la 17 siku ya mwisho huku unafukuza, kisha kuongeza la 18, ni kazi ya mtu ambaye mikono haimtetemeki. Wote wawili waliifanya. Mmoja alilipwa mara 15 zaidi ya mwenzake.

Kati ya Jumapili hizo mbili kuna msimu mzima wa LPGA, ziara kuu ya gofu ya wanawake duniani, yaani mfululizo wa mashindano ya mwaka mzima, iliyoanzishwa na wanawake 13 mwaka 1950. Ni msimu ambao Korda alishinda mara saba, na bado orodha ya mapato ikafungwa jina lake likiwa la pili. Nimeona watu wakibishana juu yake kwa jazba, wengine wakisema Korda kadhulumiwa, wengine wakisema fedha haidanganyi. Naona pande zote mbili zinaangalia mahali pasipo na tatizo. Ili nieleze kwa nini, itabidi niupitie msimu wenyewe.

Korda anatoka kwenye nyumba ya michezo. Baba yake, Petr Korda, alishinda mashindano ya tenisi ya wazi ya Australia mwaka 1998, mwaka ambao Nelly alizaliwa. Mama yake alicheza tenisi ya kulipwa, dada yake Jessica ni mchezaji gofu aliyeshinda mara kadhaa LPGA, mdogo wake Sebastian anacheza tenisi. Mwaka 2021 alitwaa taji lake la kwanza kubwa na dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo. Mwaka 2022 akapatikana na damu iliyoganda kwenye mkono, akafanyiwa upasuaji. Mwaka 2023 ukapita bila ushindi hata mmoja wa LPGA. Kwa hiyo Januari 2024 alipofika Bradenton, mji wa nyumbani kwao, hakuna aliyekuwa akimtabiria makubwa.

Siku ile ya mwisho aliianza akiongoza kwa mipigo minne. Kisha akaanza kuvuja. Shimo la 14 likamla mipigo miwili, la 15 mmoja, la 16 mmoja. Ko alikuwa ameshinda wiki iliyotangulia, na ushindi wa pili mfululizo ungempa pointi ya mwisho aliyokuwa akiihitaji ili aingie Ukumbi wa Heshima wa LPGA: alikuwa na 26, zinatakiwa 27. Yote yalionekana yamekwisha. Ndipo likaja shimo la 17.

Baada ya hapo Korda alipumzika. Wenzake wakaenda Asia, yeye akabaki nyumbani kwa wiki kadhaa. Uamuzi huo ulikuja kuwa na bei yake, nitaueleza mbele. Aliporudi Machi hakuna aliyeweza kumzuia. Palos Verdes, California, akamshinda Ryann O'Toole kwenye shimo la kwanza la nyongeza. Wiki iliyofuata, Gilbert, Arizona, akashinda kwa mipigo miwili. Wiki iliyofuata tena, Las Vegas, kwenye mashindano ya ana kwa ana, akamtoa Leona Maguire wa Ireland katika fainali na mashimo matatu yakabaki bila kuchezwa. Kisha Texas, Aprili 21, Chevron Championship, la kwanza kati ya mashindano makuu matano ya mwaka: ushindi kwa mipigo miwili dhidi ya Maja Stark wa Sweden, na kuruka kwenye bwawa kama ilivyo desturi ya bingwa wa pale.

Mashindano matano, ushindi mara tano mfululizo. Kabla yake ni wanawake wawili tu waliowahi kufanya hivyo LPGA: Nancy Lopez mwaka 1978 na Annika Sörenstam kati ya 2004 na 2005. Lopez na Sörenstam ni majina ambayo mchezo huu unapimwa nayo.

Hapa naomba msomaji achukue kalamu. Bradenton 262,500. Palos Verdes 300,000. Gilbert 337,500. Las Vegas 300,000. Chevron 1,200,000. Jumla ni dola 2,400,000 kwa mafanikio ambayo yalikuwa yametokea mara mbili tu katika historia, na nusu yake nzima imetoka kwenye wiki moja ya Texas.

Mwezi Mei Rose Zhang akamkatia mfululizo huko New Jersey, Korda akamaliza wa saba kwa pamoja na wengine. Wiki moja baadaye, Jersey City, akashinda tena, mpigo mmoja mbele ya Hannah Green wa Australia. Ushindi wa sita katika mashindano saba, dola 450,000.

Kisha Lancaster.

Mashindano ya wazi ya wanawake ya Marekani ndiyo yenye heshima kubwa kuliko yote kwa Mmarekani, na mwaka huo yalikuwa na fungu, yaani jumla ya zawadi zote, la dola milioni 12. Korda alianzia shimo la 10 asubuhi ya Mei 30. Shimo lake la tatu lilikuwa la 12, fupi, yadi 161, kiwango mipigo mitatu, kijito kikipita mbele ya grini, ile nyasi iliyonyolewa chini kabisa kuzunguka shimo. Foleni ilikuwa imejaa pale. Makundi yalikuwa yanasubiriana na yeye akasimama kwa muda mrefu akiangalia wenzake wakihangaika. Mpigo wake wa kwanza ukapita grini na kutua kwenye mchanga wa nyuma. Mpira ulikuwa na jani chini yake. Alipoupiga ukatoka kwa kasi, ukavuka grini yote ukiteremka, ukaingia kijitoni. Adhabu ya mpigo mmoja. Akavuka ng'ambo, akadondosha mpira mwingine, akaupiga. Ukagonga mteremko na kurudi majini. Adhabu. Akadondosha mwingine, ukarudi majini. Adhabu. Wa nane ndio uliokaa juu. Mipigo miwili ya kusukuma, jumla kumi.

Kumi kwenye shimo la mitatu, kwa mchezaji namba moja wa dunia. Alimaliza siku kwa mipigo 80. Kesho yake alicheza 70, raundi nzuri kabisa kwenye kiwanja kile, lakini mchujo wa baada ya mashimo 36, unaowaondoa walio nyuma, ulikuwa umeshampita. Aliyetwaa taji ni Yuka Saso, ambaye mwaka 2021 alilishinda akiiwakilisha Ufilipino na safari hii Japani. Zawadi ya Saso ilikuwa dola 2,400,000.

Rudi kwenye hesabu yako ya Aprili. Ni namba ileile. Wiki moja ya Saso huko Lancaster ililipa sawasawa na ushindi mitano mfululizo wa Korda. Simwondolei Saso haki yake hata kidogo. Alicheza siku nne kwenye kiwanja kilichowaangusha wengi na akasimama. Ninachotaka kionekane ni kwamba jambo ambalo watu walilishtukia Novemba lilikuwa limeshatokea mwanzoni mwa Juni, kwa sauti ndogo zaidi.

Kiangazi kilimwendea vibaya Korda. Akakosa mchujo Michigan, akakosa tena kwenye mashindano makuu ya Sahalee karibu na Seattle baada ya raundi ya 69 kufuatiwa na 81. Akaumwa na mbwa, akajitoa kwenye mashindano ya London. Olimpiki ya Paris akamaliza mbali. Agosti huko St Andrews, Uskoti, alikuwa kileleni siku ya mwisho mpaka shimo la 14 lilipomla mipigo miwili. Akamaliza wa pili kwa pamoja na wenzake watatu.

Kiangazi hicho kilikuwa cha Lydia Ko, na siwezi kuandika juu ya 2024 nikampita. Pointi aliyoikosa Bradenton aliipata Agosti 10 huko Paris, kwa medali ya dhahabu, baada ya fedha ya Rio na shaba ya Tokyo. Wiki mbili baadaye ndiye aliyeshinda St Andrews. Ukimuuliza mpenda gofu yeyote kitu gani kitakumbukwa miaka 30 ijayo kutoka msimu ule, wengi watataja dhahabu ya Ko. Olimpiki haina hundi ya zawadi, kwa hiyo wiki hiyo haimo kabisa kwenye orodha ya mapato.

Na aliyeshika nafasi ya pili Paris ni mtu ambaye watu wa Kilifi wanamfahamu: Esther Henseleit wa Ujerumani. Desemba 2019 alikuja Vipingo Ridge kwenye mashindano ya Magical Kenya Ladies Open, yaliyokuwa ya mwisho kwenye msimu wa ziara ya Ulaya, akapiga 64 siku ya mwisho, akashinda, na kwa ushindi huo akapanda mpaka kileleni mwa orodha ya msimu mzima akiwa ni mwaka wake wa kwanza. Kwa hiyo habari ya wiki ya mwisho kugeuza msimu siyo ya Florida peke yake. Pwani yetu iliishuhudia miaka mitano kabla. Tofauti ni kwamba fungu zima la Vipingo lilikuwa euro 300,000. Wiki ile ilipindua orodha kwa kuwa washindani walikuwa wamekaribiana, haikuhitaji kuwa na uzito kupita wiki nyingine zote.

Septemba Wamarekani walichukua Solheim Cup dhidi ya Ulaya, ingawa Charley Hull wa Uingereza alimpiga Korda vibaya kwenye mechi ya ana kwa ana. Kisha shingo ikamuuma, akakosa tena safari ya Asia. Novemba akarudi Florida, kwenye mashindano yanayobeba jina la Annika Sörenstam, akapiga mashimo matano mfululizo ya chini ya kiwango kwenye mashimo tisa ya mwisho, akashinda kwa mipigo mitatu. Ushindi wa saba, dola 487,500. Mmarekani wa mwisho kushinda mara saba katika msimu mmoja wa LPGA alikuwa Beth Daniel, mwaka 1990.

Sasa tufunge hesabu ya ushindi wake wote: 2,400,000 za mwanzo, 450,000 za Jersey City, 487,500 za Novemba. Dola 3,337,500. Ushindi saba, likiwemo taji kubwa. Wiki moja baadaye, hundi ya Naples ikazidi jumla hiyo kwa 662,500.

Naples inahitaji maelezo. Msimu wa LPGA unamalizika kwa CME Group Tour Championship. Wanaingia wachezaji 60 wanaoongoza kwa pointi za mwaka, na wakishaingia pointi zinafutwa. Wa kwanza na wa 60 wanaanza sawa. Utaratibu huo ulianza 2019, mshindi alipopewa milioni 1.5. Mwaka 2022 Ko alichukua milioni 2, na 2023 Amy Yang vilevile. Kwa 2024 mdhamini akapandisha fungu kutoka milioni 7 hadi 11 na zawadi ya mshindi hadi milioni 4. Wa pili, Angel Yin, alipata milioni 1. Ukichukua wiki ya kawaida ya LPGA, mshindi hupewa asilimia 15 ya fungu. Mashindano ya wazi ya Marekani hutoa 20. Naples ilitoa zaidi ya 36.

Thitikul mwenyewe si mtu wa kubahatisha. Mwaka 2017, akiwa na miaka 14 na bado mchezaji wa ridhaa, alishinda mashindano ya ziara ya Ulaya, mdogo kuliko mshindi yeyote kabla yake. Mwaka 2022 alifika namba moja duniani akiwa na miaka 19. Msimu wa 2024 aliuanza kwa kuchelewa kwa sababu ya jeraha la kidole gumba, akashinda mashindano ya jozi pamoja na Yin Ruoning wa China, na kwa Naples akapiga mipigo 22 chini ya kiwango. Mwisho ule wa mashimo mawili haukuwa zali. Anayesema kaokota fedha hajauangalia.

Orodha ya mapato ilifungwa hivi: Thitikul dola milioni 6.06, Korda milioni 4.39. Wote wawili walipita rekodi ya Lorena Ochoa wa Meksiko ya milioni 4.36, iliyodumu tangu 2007. Ochoa mwaka ule alishinda mara nane.

Nimejaribu hesabu moja ambayo kila mtu anaweza kuirudia. Kama Naples ingegawa asilimia 15 kama wiki nyingine, mshindi angepata milioni 1.65. Thitikul angemaliza mwaka akiwa na milioni 3.7 hivi, na Korda angekuwa juu yake bila wasiwasi. Nafasi ya kwanza kwenye mapato iliamuliwa na jinsi fungu la wiki moja lilivyokatwa.

Sasa tazama mizani nyingine. Tuzo ya Mchezaji Bora wa Mwaka ya LPGA huhesabiwa kwa pointi: ushindi wa kawaida pointi 30, taji kubwa mara mbili yake. Kwa mizani hiyo Bradenton ni 30 na Naples ni 30. Umaliziaji uleule, thamani ileile. Korda alijikusanyia 240 kwa ushindi peke yake, na tuzo ilikuwa yake kabla hata ya kufika Naples. Hakuna aliyebisha, na mimi sibishi: mchezaji bora wa 2024 alikuwa Nelly Korda.

Mizani ya tatu ni tuzo ya Vare, ya wastani mdogo wa mipigo kwa raundi. Hii inadai raundi zisizopungua 70. Korda alicheza mashindano 16 tu na akakosa mchujo matatu, hivyo hakufikisha, na tuzo ikaenda kwa Ayaka Furue wa Japani, ambaye pia alishinda Evian, Ufaransa, kwa shimo la mwisho la kukumbukwa. Hapo ndipo zile safari za Asia alizozikosa zilipomgharimu. Wapo wanaoiona sheria hiyo kuwa kali. Mimi naiona sawa. Ziara inaishi kwa watu wanaojitokeza wiki baada ya wiki, Singapore na Michigan na Japani, na inafaa iwepo tuzo moja inayowaheshimu hao.

Kwa hiyo mwaka mmoja ulitoa malkia wa ushindi, malkia wa fedha, malkia wa wastani, na dhahabu ya Paris pembeni. Wanaodai Korda kadhulumiwa wanataka zote ziwe kwake. Mbona tuzo aliyostahili aliipata? Orodha ya mapato haijawahi kuahidi kumtaja aliye bora, inajumlisha hundi. Ilikuwa ikitumiwa kama kipimo cha ubora miaka ambayo wiki zote zililingana kidogo, na tangu Naples ipandishwe imeacha kufaa kwa kazi hiyo. Ni afadhali kuiacha iwe orodha ya hundi.

Na wanaosema milioni 4 ni nyingi mno kwa wiki moja, nawaomba wapime upande wa wanaume. Mwaka huohuo Scottie Scheffler naye alishinda mara saba kwenye ziara ya PGA. Mapato yake rasmi ya msimu yalipita dola milioni 29, kabla ya bonasi ya milioni 25. Ushindi saba kwa saba. Korda milioni 4.39. Kwa taji la Masters, moja ya mashindano makuu ya wanaume, peke yake Scheffler alipewa milioni 3.6, na hundi ya Thitikul ikalipita hilo. Kwa mara moja mwanamke alisimama kwenye grini ya mwisho akicheza kwa fedha inayozidi ya Masters, na magazeti yasiyoandika gofu ya wanawake mwaka mzima yakaandika. Novemba Marekani yote inaangalia mpira wao wa miguu. Mdhamini alihitaji namba ya kumfanya mtu ageuze shingo, na aliipata. Siwezi kumlaumu mtu aliyeweka milioni 11 kwa wanawake.

Kinachoniuma kiko kwenye namba ndogo. Fungu zima la Bradenton lilikuwa dola milioni 1.75, ligawanywe kwa kila aliyevuka mchujo. Las Vegas milioni 2. Kwa Korda wiki kama hizo zinaongeza tu kwenye mengi aliyonayo. Mfikirie aliye wa 90 kwenye orodha. Ndege analipa mwenyewe, hoteli analipa mwenyewe, kedi, yule anayembebea mfuko wa fimbo, anataka mshahara wa wiki iwe amevuka mchujo au hakuvuka, na akishinda kwa desturi kedi huchukua takriban asilimia 10. Katika mashindano mengi asiyevuka mchujo harudi na chochote. Mchezaji huyo hafiki Naples, kwa sababu Naples ni ya 60. Milioni 4 zilizoongezwa kwenye fungu la mwisho hazimgusi kabisa, na zile tatu au nne kati ya hizo zingetosha kuinua wiki mbili za milioni 1.75 ziwe na maana mwaka mzima.

Najua jibu la wenye ziara: fedha ya mdhamini si ya kuhamishwa, kila mmoja analipia wiki yake. Ni kweli. Lakini ziara ndiyo inayopanga ratiba na inayokubali wiki iingie kwa fungu gani. Kuna njia ya kuweka sakafu, kwamba wiki isiyofikisha kiasi fulani haiingii kwenye msimu rasmi, na mashindano makuu yenyewe yameonyesha kwamba sakafu hupanda ukidai: mashindano ya wazi ya Marekani yamefika milioni 12 kwa kupandishwa hatua kwa hatua. Hatari yake ni kwamba baadhi ya wiki zitakufa na wachezaji watakosa nafasi za kucheza. Hiyo ndiyo hoja nzito pekee ninayoisikia upande wa pili, na siipuuzi. Wiki ya milioni 1.75 ni bora kuliko Jumapili ya kukaa nyumbani. Hata hivyo naamini ziara yenye fungu la mwaka linalozidi dola milioni 115 inaweza kubeba sakafu ya milioni 2.5 bila kuvunjika.

Msimu uliofuata ulinyamazisha ubishi bila kuumaliza. Korda alicheza 2025 yote bila ushindi hata mmoja. Thitikul alishinda New Jersey mwezi Mei, akashinda Shanghai mwezi Oktoba, na Novemba akarudi Naples akashinda tena, milioni 4 zilezile. Akatwaa Mchezaji Bora wa Mwaka, akatwaa Vare kwa wastani wa 68.681, mdogo kuliko ule wa Sörenstam wa 2002, na akaongoza mapato. Mizani zote tatu zikamtaja mtu mmoja, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza fungu la Naples limekatwaje.